Chupa ya iodini niliyoona uvivu kuifungua

Ujumbe umeniingia juzi usiku kutoka kwa mkunga mwenzangu: “Dada, kolposkopi naijua. Sasa hizi alama za Swede za kazi gani, si jicho linaona?” Kolposkopi ni kuuangalia mlango wa kizazi kwa lenzi ya kukuzia, kutafuta dalili za awali za saratani; alama za Swede huupima unachokiona kwa mambo matano: weupe baada ya siki, ukingo, mishipa, ukubwa na rangi ya iodini, kila moja 0 hadi 2. Nilitaka kumjibu kwa mzaha, nikashindwa. Suali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, kwa kiburi zaidi, na gharama yake akaibeba mtu mwengine.

Siku ya kliniki, Pemba, masika, watu wamejaa hadi barazani. Akaingia mama wa watoto sita, buibui limerowa mpaka magotini. “Mwanangu, nifanyie hima, gari ya Konde haingoji.” Nikaweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, nikapaka siki, nikangoja dakika moja. Weupe ukajitokeza juu ya mlango wa kizazi, kama maziwa yaliyotiwa maji, ukingo wake umekatikakatika kama ramani ya pwani, upana kiasi cha milimita 10. Weupe nikaupa 1, ukingo 1, ukubwa 1. Mishipa sikuiona, nikaandika 0. Iodini sikupaka. Chupa ilikuwepo, lakini foleni ile, na sikutaka kumchafulia nguo. Jumla 3. “Nenda mama, urudi baada ya mwaka.”

Hakungoja mwaka. Miezi minane baadaye karudi, anatoka damu kila baada ya tendo la ndoa. Safari hii nikapaka iodini. Mlango wote ukawa kahawia kama ubao wa mkangazi, isipokuwa kile kipande: manjano tupu. Seli nzima zina glaikojeni inayoshika iodini, zilizoharibika hazinayo. Kinyama nilichokata kikapanda boti Mkoani ndani ya kikopo cha fomalini, jibu likarudi CIN 3, yaani mabadiliko makali ya seli yanayotangulia saratani. Haijawa saratani, alhamdulillahi. Eneo lote likatolewa kwa kitanzi cha umeme, na mwenyewe hadi leo huniletea mkate wa kumimina, nami kila kipande hunikwama kooni.

Irudie hesabu yangu. Mishipa isiyoonekana haipewi 0. Sifuri ni ya mishipa myembamba iliyojipanga; isiyoonekana ni 1. Manjano kali ni 2. Kama ningemaliza kazi siku ile ya mvua, 3 yangu huenda ingekuwa 6, na kinyama ningekikata palepale.

Nilipolisimulia kosa hili kikaoni, mkubwa mmoja akasema: “Sie hatusomi kizazi kwa kikokotoo.” Watu wakacheka. Linaniuma bado, sifichi. Wataalamu wa Uswidi waliotoa mizani hii mwaka 2005 macho walikuwa nayo, na bado waliona jicho lihojiwe mambo matano, kila moja 0 hadi 2. Leo mimi ndiye ninayeitwa wenzangu wakikwama, na huyo mkubwa anajua.

Basi dada, na nyote mnaotaka ubingwa: pakeni iodini. Muulize kwanza mzio, kisha paka. Andika alama tano kabla hujamwambia mtu neno. Moja ikikosekana, huna jumla. Chini ya 5 huleta utulivu, 8 kwenda juu ni hatari kubwa, lakini kama huoni eneo lote la mpito, pale kwenye mlango wa kizazi mabadiliko haya yanapoanzia, alama ndogo isikulaze usingizi. Foleni ndefu? Paka. Ana haraka? Paka. Amana ya mtu haifanywi nusu.

Na hilo la nguo, mpe pedi moja avae kabla hajashuka kitandani.