Kidato cha Nne Ukubwani: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwalimu, nina miaka 38 na niliishia darasa la saba. Je, bado ninaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne? (Msomaji, Mbagala)

Unaruhusiwa. Anza na QT, yaani mtihani wa maarifa.

Kituo kimoja kinaniahidi cheti cha kidato cha nne ndani ya miezi sita, bila QT, mradi nilipe ada yote mapema. Nijiunge? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, na bado watu hulipa kwanza ndipo wakaniandikia. Kituo hakitoi cheti. Hufundisha na kusajili tu, na cheti hutolewa na Baraza la Mitihani. Aliyeishia darasa la saba hufanya kwanza QT, inayopima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, na akishafaulu ndipo hujisajili kwa kidato cha nne. Kwa kuwa mitihani yote miwili hufanyika Novemba, hesabu ya miezi sita haiwezekani hata kwa mwenye akili za ajabu. Anayekuahidi hivyo anakuuzia karatasi, nasi tuliona karatasi hizo zinakoishia mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipowabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hata katika kituo halali, usiondoke kabla ya kuona jina lako lilivyoandikwa kwenye usajili, herufi kwa herufi: mwanafunzi wangu mmoja aliandikwa Ally badala ya Ali, na herufi hizo zilimsumbua kuliko Hisabati.

Nina C moja, kwingine kote ni D. Nikitaka kidato cha sita, ni lazima nirudie masomo yote saba? (Msomaji, Tabora)

Hapana. Zinatakiwa C tatu, kwa hiyo umebakiza mbili. Rudia masomo machache unayoyamudu, na yawe yale ya tahasusi unayoikusudia, yaani mchanganyiko wa masomo utakayosoma hadi kidato cha sita. Wapo wanaorudia yote saba kwa kiburi, wakavuna D zilezile.

Je, mwajiri atajua kwamba sikupitia shuleni? (Msomaji, Tanga)

Atajua, kwa sababu namba ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P, na ya mwanafunzi wa shule huanza na S. Mtihani ni uleule. Sijaelewa unachokionea haya.

Usajili hufunguliwa lini? (Wasomaji wengi mno)

Januari, kama mwaka jana na mwaka juzi, na anayechelewa hutozwa faini. Mnaoniuliza swali hili mwezi Agosti mnatafuta huruma, si jibu.