Ameondoka Malindi au Amekwenda Malindi?

SWALI: Ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Nyali, Mombasa. Juzi mtu alipiga simu kumuulizia rafikiye, mgeni wetu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekwenda Malindi. Nikamjibu, "He has left Malindi." Yule bwana akaja, akaketi ukumbini tangu saa sita hadi alasiri akimngoja. Nilikosea wapi? Na nifahamu maneno gani mengine ya kutoka?
Msomaji, Kongowea

JIBU: Dada yetu, huyo bwana alikuelewa sawasawa. "Leave" likifuatwa papo hapo na jina la mahali, hapo ndipo panapoachwa, ukitaka kutaja mtu anakoelekea, sharti utie "for": "He has left for Malindi." Tunaponzwa na mazoea yetu ya kusema "amekwenda Malindi" bila kihusishi chochote. Pia tunapenda kuongeza "from", kwa kuwa tunasikia "kutoka" masikioni, ilhali mtu husema tu "I left the hotel". "From" hufaa zaidi kwa chombo chenye kituo chake: "The bus leaves from Mwembe Tayari."

"Exit" nalo lina asili ya kupendeza. Katika Kilatini ni kitenzi kizima, maana yake "anatoka", nalo "exeunt" ni "wanatoka". Ndiyo sababu maneno hayo huandikwa katika tamthilia za Kiingereza pale waigizaji wanapoondoka jukwaani. Kilatini, kama Kiswahili, humficha mtenda ndani ya kitenzi. Leo "exit" hutumika zaidi kama nomino, na huchagua wenzake: "emergency exit" ni mlango wa dharura, "block the exit" ni kuuziba mlango, na "make a quick exit" ni kuchomoka upesi, mara nyingi kwa kukwepa aibu au maneno. Timu iliyotolewa mapema mashindanoni husemwa imepata "early exit". Katika stesheni za treni za chini ya ardhi za London, hata hivyo, utakuta kibao cha "Way out".

Kazini kwako, jihadhari zaidi na haya. "She is on leave" ni kwamba mwenzako yuko likizoni, bali "She has left" huweza kueleweka kuwa ameacha kazi. Mgeni aliyetoka kutembea, "He has gone out". Aliyelipa na kurudisha ufunguo, "He has checked out". Kwa tofauti hiyo anayepiga simu atajua kama aache ujumbe au asiache.