Jibu lako la spini mbili ni ngapi?

Wanafunzi wa fizikia huniuliza watapata wapi nafasi ya kutumia kompyuta ya kwantamu, ile inayofanya kazi kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo kabisa. Jibu langu huwaudhi: hiyo laptopu uliyo nayo bado hujaimaliza.

Mimi nilianza na modeli ya Ising, yaani sumaku ndogondogo, spini, zinazotazama juu au chini huku uga wa pembeni ukizivuruga. Kwa pupa nikaweka spini 28. Mashine yangu ya GB 8 ikaganda mpaka nikaizima kwa kubana kitufe. Kila spini unayoongeza huzidisha mara mbili namba ambazo kompyuta lazima itunze ili kueleza hali ya sumaku zote kwa pamoja. Spini 28 ni namba zaidi ya milioni 268, kila moja baiti 16: GB 4 na ushee, na programu inataka nakala nyingine ya kufanyia kazi. Ukifika 50, ni petabaiti 18. Ukuta huo ndio uliomsukuma mwanafizikia Richard Feynman, mwaka 1981, kupendekeza tuige maumbile kwa mashine ambazo zenyewe zinafuata kanuni za kwantamu.

Nikashuka hadi spini 10. Grafu zikatoka za kupendeza, nikampelekea msimamizi wangu. Akauliza swali moja tu: "Ukiweka mbili unapata ngapi?"

Kwa kalamu na karatasi, uga ukiwa 1 na mvutano wa majirani 1, nishati ya chini kabisa ni hasi ya kipeuo cha pili cha 5, takriban -2.236. Programu yangu ikatoa -2.828. Kumbe kila jozi ya majirani nilikuwa naihesabu mara mbili! Kazi ya wiki mbili ikaenda na maji.

Tangu hapo kila tangazo kubwa nalisoma na kalamu mkononi. Juni 2023, IBM walichapisha katika jarida la Nature jaribio la kyubiti 127 (kyubiti ni kipashio cha kompyuta ya kwantamu, hapa kila moja ikisimama badala ya spini) juu ya modeli hiihii ya Ising, wakisema limefika mahali ambapo mbinu za kawaida walizolinganisha nazo zinashindwa. Hata mwezi haukuisha, watafiti wa Flatiron Institute, New York, na wengine wa chuo cha Caltech wakayapata matokeo yale kwa kompyuta za kawaida, hata laptopu. Chipu ya IBM imepangwa kama sega la nyuki: kila kyubiti ina majirani wasiozidi 3, na mzunguko mfupi kabisa unapitia kyubiti 12. Ukitazama kwa karibu ni kama matawi ya mti, na mitandao ya tensa, mbinu ya kuzigawa namba hizo nyingi katika majedwali madogo yaliyounganishwa, huyamudu vizuri maumbo ya aina hiyo.

Wapo waliowacheka IBM. Mimi sikucheka, mashine yao ilikuwa imejibu sawasawa, na hesabu za wapinzani ndizo zilizothibitisha hivyo.

Kwa hiyo jifunze mitandao ya tensa mapema. ITensor, programu ya kufanyia hesabu hizo, ni ya bure. Na ukikwama, niandikie, ila anza kwa kunitajia jibu lako la spini mbili.