Fedha kidogo, meza ya kuonja ya watu 12: mvinyo, bia na wiski kwa hali ya hewa ya Kisumu

Ndugu uliyeuliza namna ya kuwaandalia wageni 12 meza ya kuonja mvinyo, bia na wiski nyumbani kwako Kisumu kwa shilingi 10,000, nimehudumu kaunta Nakuru kwa miaka mingi, na siku hizi huitwa kusimamia vinywaji katika sherehe za Kisumu na Kakamega. Nikiilinganisha miji hii, naona kwamba kinachoharibu kinywaji cha bei nafuu huko kwenu mara nyingi ni joto, wala si ubora wa kinywaji chenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kupanda daraja la bei, hakikisha una nafasi ya kutosha kwenye friji na barafu ya kutosha kwenye karai.

Mvinyo ndio unaoumia zaidi. Ile kanuni kwamba mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba ilitoka katika nyumba za Ulaya zenye ubaridi, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Kisumu alasiri inaweza kufika nyuzi 28, na hapo pombe hutangulia puani, harufu ya tunda hufifia, na mvinyo hukaa ulimini kama sharubati iliyosahauliwa juani. Niliwahi kuwaonjesha wageni mvinyo uleule kutoka chupa mbili zilizofungwa kwa gazeti, moja ikiwa imetoka kwenye friji na nyingine ikiwa imeshinda mezani. Wengi walisema ni aina mbili tofauti, na ile baridi ndiyo waliyoikadiria bei ya juu. Mwekundu utie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Mweupe ukae humo tangu asubuhi.

Kwa mweupe ningechagua Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Zabibu hiyo ndiyo inayolimwa kwa wingi zaidi nchini humo, hivyo ni rahisi kupata chupa nzuri isiyo ghali, na ukali wake mdogo unaofanana na wa ndimu hufaa sana ngege wa kukaanga. Kwa mwekundu ningechukua Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Mara nyingi huwa na harufu ya moshi inayoendana na nyama choma. Chupa ya tatu iwe ya mvinyo mtamu, mathalani Four Cousins au 4th Street. Najua wapo wanaoudharau, lakini wageni wengi wa kwetu walianzia hapo na hawana sababu ya kuonewa aibu. Sharti ni moja: uwe baridi sana na utolewe baada ya ile mingine, kwa sababu ukitangulia, ule usio na sukari utaonekana mchachu bila kosa lake. Ukikutana na Leleshwa, inayotokana na zabibu za Morendat karibu na Naivasha, ichukue badala ya moja kati ya zile mbili za kwanza, angalau wageni wajue kwamba Kaunti ya Nakuru nayo hulima zabibu za mvinyo. Kizibo cha kuzungusha kisikutie shaka, kwani hakisemi lolote kuhusu ubora.

Kwa bia, chupa tatu za Tusker na tatu za Guinness zinatosha, kwa kuwa tofauti yake iko wazi hata kwa mgeni asiyezoea kuonja: ya kwanza ni nyepesi, asilimia 4.2, na ya pili ni nzito, asilimia 6.5, yenye uchungu wa shayiri iliyokaangwa. Hapa siungi mkono barafu kupita kiasi, maana ubaridi mkali huufanya ulimi uwe ganzi. Wazee wa Nakuru wanaoagiza bia moto wanaujua utamu wa kimea ambao wengine hawajawahi kuuonja. Itoe bia kwenye friji dakika chache kabla, kisha umimine kidogo kidogo, kwani glasi hupata joto upesi. Senator Keg, ambayo hutengenezwa kwa mtama na sasa hupikwa hapo hapo Kisumu, ni bia ya pipa, kwa hiyo iacheni ibaki ya kilabuni.

Wiski ndiyo inayohitaji macho zaidi kuliko fedha. Chupa ikiandikwa Scotch Whisky, sheria inadai iwe imekaa katika mapipa ya mwaloni huko Scotland kwa miaka isiyopungua mitatu, na iwe na pombe ya angalau asilimia 40. Ikiandikwa tu kwamba ni pombe kali yenye ladha ya wiski, hiyo ni bidhaa nyingine kabisa, hata rangi ikifanana, na rangi yenyewe si ushahidi kwa kuwa hata Waskoti huruhusiwa kutia rangi ya karameli. Usinunue mzinga mmoja mkubwa. Nunua chupa mbili ndogo za mililita 350, moja ya VAT 69 ya Scotland na moja ya Jameson ya Ireland, ambayo huchemshwa na mvuke wake kupozwa mara tatu na kwa hiyo huwa laini zaidi, ili wageni wawe na cha kulinganisha. Waonje kwanza ikiwa tupu, kisha watie matone machache ya maji, na watasikia harufu zikifunguka. Kagua stempu ya ushuru ya KRA kwa programu ya simu ya Soma Label ukiwa bado dukani, ujue kama chupa si bandia.

Chupa ya mililita 750 humpa kila mgeni kama mililita 60, kwa hiyo chupa moja ya kila mvinyo inatosha. Anza na bia nyepesi, ufuate nzito, halafu mvinyo, na umalizie kwa wiski. Nauli ya boda na teksi itenge kando na hizo 10,000, kwa sababu vionjo hivyo vyote, ingawa vinaonekana vidogo, vikijumlishwa vina pombe inayokaribia ya chupa tatu za Tusker kwa kila mtu.