Msimamizi mwenye nukuu 9,000 au mwenye 600? Fungua orodha kwanza

Mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata nafasi ya PhD ya biolojia ya vimelea na una wasimamizi wawili wa kuchagua. Wa kwanza Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta kazi za kitaaluma, inampa nukuu zaidi ya 9,000 (yaani mara ambazo pepa zake zimetajwa na pepa za wengine) na fahirisi ya h 41, kipimo nitakachokieleza hapa chini. Wa pili ana nukuu 600 na ushee, fahirisi ya h 13. Wachangiaji wengi hapo juu wamekwambia hakuna cha kufikiri, mfuate wa kwanza, maana wa pili atakuzika. Kwa maoni yangu bado hujaambiwa lolote kuhusu watu hao wawili. Nitaanza na profaili yangu mwenyewe, kwa sababu najua kila namba iliyomo ilivyoingia.

Nina miaka kumi na saba kwenye utafiti wa kichocho na minyoo. Pepa yangu inayoongoza ina nukuu zaidi ya mia nane. Ukiifungua utakuta waandishi zaidi ya mia moja, nami nipo huko katikati, kwenye majina yaliyopangwa kwa alfabeti. Nilichofanya ni kutoa data za wilaya tatu tulizokuwa tumeshazikusanya, kujibu maswali ya timu ya takwimu kuhusu tarehe na majina ya vijiji, na kusoma rasimu. Ni kazi halali na naithamini, kwa sababu bila data hizo sehemu yetu ya ramani ingebaki tupu. Lakini haikunichukua hata mwezi mzima.

Pepa iliyonila misimu mitatu ya mvua ni nyingine. Tulikuwa tunachota konokono ufukweni mwa Ziwa Viktoria, tunawaweka mmoja mmoja kwenye vikombe vya maji chini ya mwanga, tunasubiri tuone nani anatoa vibuu vya kichocho na nani hatoi. Mimi ndiye mwandishi wa kwanza, na kila sentensi iliyomo naweza kuitetea hata nikiamshwa usiku wa manane. Ina nukuu 14. Mganga Mkuu wa Wilaya aliisoma, akatuita, na ratiba ya kugawa dawa kwenye shule za ufukweni ikabadilishwa. Badiliko hilo halipo Google Scholar, kwa sababu mganga mkuu yule hakuwa anaandika pepa, alikuwa anatibu watoto.

Sasa tuiangalie hiyo fahirisi ya h, maana naona watu wanaitaja kama alama za mtihani. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga pepa za mtu kuanzia yenye nukuu nyingi kushuka chini, kisha unatafuta ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui namba yake kwenye orodha; namba hiyo ndiyo h. Tuseme ana sita, zenye nukuu 50, 20, 9, 5, 4 na 1. Pepa ya nne ina nukuu 5, kwa hiyo inafika. Ya tano ina nukuu 4, haifiki. Fahirisi yake ya h ni 4. Pepa yake ya kwanza ikipata nukuu 5,000 kesho, h itabaki 4 vilevile. Tena fahirisi hii haishuki. Mtu anaweza kuacha utafiti kabisa na h yake ikaendelea kupanda taratibu kwa pepa za zamani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa hao wawili ni kila mmoja alianza kuchapisha mwaka gani. Aliyeanza 1994 na aliyeanza 2014 huwezi kuwapima kwa h moja.

Hakikisha pia umetoa namba zao sehemu moja. Google Scholar inahesabu hata tasnifu, ripoti na makala ambazo hazijapitiwa na wataalamu wenzao, kwa hiyo karibu kila mara namba zake huwa juu kuliko za Scopus au Web of Science, hifadhidata nyingine za nukuu zinazochuja zaidi. Nimewahi kuona kamati ikilinganisha mwombaji mmoja kwa Google Scholar na mwingine kwa Scopus, na hakuna aliyeshtuka.

Halafu kuna fani. Kwenye afya na biolojia, kinachonukuliwa sana mara nyingi ni mbinu, pepa za mapitio au miongozo ya tiba. Pepa iliyonukuliwa kuliko zote katika orodha kubwa za nukuu ni ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, na inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli. Imepita nukuu 300,000. Kila maabara iliyopima protini kwa njia ile iliitaja. Anayeainisha spishi za konokono au mbu kwa darubini hawezi kufika hapo hata akiishi miaka mia mbili, na bila yeye sisi wengine tusingejua tunachunguza kiumbe gani.

Nukuu pia si kura ya ndiyo. Mwaka 1995 jarida la tiba la Lancet lilitoa jaribio la Mwanza: vituo vya afya viliboreshwa katika kutibu magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na jamii ambazo huduma hiyo ilikuwa haijafika. Mwaka 1999 jarida hilohilo likatoa jaribio la Rakai, Uganda, ambako watu walipewa dawa za zinaa nyumba kwa nyumba, kwa mkupuo. Huko maambukizi ya VVU hayakupungua. Watafiti wakaingia kwenye mjadala mrefu kutafuta sababu, na kila aliyeingia alizitaja pepa zote mbili. Huo ni mjadala wa heshima na umetufundisha mengi. Lakini mashine inayohesabu haijui nani alitajwa kwa kukubaliwa na nani kwa kupingwa. Hata pepa ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyodai uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji kwa watoto 12 tu na ikaondolewa rasmi mwaka 2010, ina nukuu ambazo wengi wetu hatutazipata maishani. Sehemu kubwa ni watu wanaoeleza ilivyokosea.

Jambo ninalotamani watu wa kwetu walijue vizuri ni la muda. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, kutoka kwa kima aliyewekwa pale kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano. Dick, Kitchen na Haddow waliandika pepa yao mwaka 1952. Ilikaa zaidi ya nusu karne ikitajwa na wachache. Ulipofika mlipuko wa Brazil mwaka 2015, kila mtu duniani akairudia. Chikungunya ni hivyohivyo, na hiyo ni ya hapa nyumbani kabisa: ugonjwa ulioelezwa kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 upande wa Newala, ukapewa jina la Kimakonde kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Pepa zake za kwanza zilitoka 1955. Mlipuko uliozuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, ukavuka hadi Komoro, Réunion na India, ndio uliozitoa kabatini. Wale waliochukua sampuli Newala walifanya kazi ileile, kwa ubora uleule, kabla na baada ya dunia kuwakumbuka. Ungewapima kwa nukuu mwaka 1980 ungesema hawana mchango.

Kuhusu majina, kwa kifupi. Nilipoanza nilichapisha kwa majina mawili, baadaye kwa matatu, na wachapishaji wanachukua jina la mwisho kuwa la ukoo. Profaili yangu ikagawanyika. Wakati huohuo ikaingizwa kazi ya ndugu mmoja wa mambo ya uvuvi mwenye herufi za mwanzo kama zangu, nukuu karibu mia mbili ambazo si zangu. Niliziondoa mwenyewe. Ukiona profaili ina pepa za fani zisizohusiana, usimwite mtu mwizi, lakini usizihesabu. Na wewe fungua ORCID leo, kitambulisho cha mtafiti cha mtandaoni: ni bure, ni namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata ukiolewa au ukiongeza jina la babu.

Sasa turudi kwa wasimamizi wako. Kwenye fani yetu nafasi ya jina ina maana. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi na kuandika, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara au mwenye mradi. Panga profaili zao kwa mwaka, si kwa nukuu, kisha tafuta pepa ambazo wao ni wa mwisho na wa kwanza ni mwanafunzi wao. Hapo ndipo utakapoona kama mtu analea watafiti.

Mimi nilipokuwa kwenye nafasi yako nilimfuata mwenye namba kubwa, na sijutii. Orodha yake ilionyesha kila mwaka au miwili jina jipya la mwanafunzi likitangulia na lake likifunga. Niliwapigia wawili kati yao. Wote waliniambia jambo moja: ukimpelekea rasimu, ndani ya wiki mbili inarudi ikiwa nyekundu tupu. Ndivyo ilivyokuwa, na ndiye aliyeniingiza kwenye ile pepa ya watu mia. Rafiki yangu wa karibu, mwaka uleule, alimfuata mwingine mwenye nukuu nyingi hata zaidi. Karibu pepa zote za msimamizi huyo za miaka kumi ya mwisho, jina lake lilikuwa katikati ya orodha ndefu. Rafiki yangu alisubiri maoni ya sura ya kwanza miezi kumi na minne. Aliumia sana, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa sababu dalili zilikuwa wazi na hakuna aliyemwonyesha pa kutazama.

Kwa hiyo huyo wako wa h 13 usimtupe kabla hujamfungua. Kama alianza kuchapisha miaka minane iliyopita na nusu ya pepa zake zinaongozwa na wanafunzi, kwangu mimi huyo ni msimamizi. Muulize tu kuhusu fedha: ana mradi unaoendelea wa kulipia vitendanishi na safari za uwandani mpaka umalize? Hapo ndipo wasimamizi wachanga wengi wanapokwama, hata wakiwa na moyo. Na yule wa 41 muulize ana wanafunzi wangapi sasa hivi, na wa mwisho alimaliza lini.

Ukishapanga orodha hizo kwa mwaka, andika hapa ulichokuta. Jumapili nina nafasi mchana, tutazipitia pamoja pepa kwa pepa.