Nani Aliyelia? Kwa Mnaoanza Kusikiliza Orka

Wadogo zangu,

Nimepitia faili za msimu huu, na kwa mara nyingine nimekuta jina la kundi limeandikwa kwa ujasiri juu ya rekodi za orka, yaani nyangumi wauaji, ambazo hakuna aliyethibitisha milio yake imetoka kwa nani. Kosa hili lilikuwepo kabla yenu. Linaniudhi kwa sababu mna masikio mazuri, mnawahi kuamka kuliko tulivyowahi sisi, halafu mnaiharibu kazi ya kutwa nzima kwa mstari mmoja wa daftari. Basi yasomeni haya kabla hamjashusha haidrofoni, kile kinasa sauti cha majini, tena.

1. Aliye mbele ya macho yako si lazima awe ndiye anayelia.

Hapa nitakaa, maana hili lilinigharimu mimi na likamgharimu mtu mwingine asiye na hatia.

Tulikuwa kwenye Mlango-bahari wa Johnstone, British Columbia, Kanada. Familia moja ya orka wa ukoo A ilikuwa karibu na chombo chetu, na tulikuwa tumewapiga picha wote: pezi la mgongoni, doa la kijivu nyuma yake, kila mmoja na namba yake katika mfumo wa utambuzi alioanzisha mtafiti Michael Bigg miaka ya 1970. Upande wa pili wa mlango-bahari ukungu ulikuwa umefunga. Kwenye hedifoni milio ilianza kumiminika, na ndani yake nikaisikia milio ya ukoo G, wazi kabisa.

Mnajua uzito wa jambo hilo. Mtafiti John Ford, katika kazi zake za 1989 na 1991, alionyesha kwamba orka wakaazi wa kaskazini, wale walao samaki wa pwani hii, wana koo tatu, A, G na R. Makundi ya ukoo mmoja hushirikiana baadhi ya milio, lakini kati ya ukoo na ukoo hakuna hata mlio mmoja wa pamoja. Sasa mimi nina familia ya A machoni na milio ya G masikioni. Nikaandika kwamba familia hii inatumia milio ya ukoo mwingine.

Sikuishia daftarini. Nilijenga hoja nzima juu ya mstari ule: kwamba orka hujifunza lahaja nje ya ukoo wao, na kwamba tumelinasa jambo hilo likitokea. Nilisimama mbele ya wenzangu nikalieleza. Nilimkabidhi mwanafunzi mmoja rekodi zile azipime mlio kwa mlio, naye akazipima kwa uangalifu ambao mimi sikuwa nao.

Kisha mwenzetu mmoja mkongwe akaitazama spektrogramu, ule mchoro wa masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, na kuuliza swali moja: sehemu ya juu iko wapi? Milio mingi ya wakaazi ina sehemu mbili zinazotoka kwa pamoja, moja ya masafa ya chini na nyingine ya masafa ya juu. Patrick Miller alionyesha mwaka 2002 kwamba ile ya juu huelekea mbele zaidi ya mnyama, na ile ya chini husambaa pande zote. Kwenye rekodi yangu, milio ya ukoo A ilikuwa na sehemu zote mbili, zinang'aa. Milio ya G ilikuwa na sehemu ya chini tu. Ya juu ilikuwa imefifia mpaka kuitafuta. Mnyama anayezunguka mita chache kutoka kwenye chombo atakuelekea, akupe mgongo, akuelekee tena. Hawa hawakutuelekea hata mara moja alasiri nzima. Maelezo ya kawaida ni kwamba walikuwa mbali sana. Na Miller huyo huyo alikadiria mwaka 2006 kwamba bahari ikiwa shwari milio ya aina hii inaweza kuwafikia orka wengine kilomita 10 hadi 16. Nyuma ya ukungu ule kulikuwa na nafasi ya kundi zima.

Ndivyo ilivyokuwa. Picha za chombo kingine ziliwaonyesha ukoo G wakipita upande ule, siku ile, saa zile. Tuliifuta ripoti. Aibu niliipata, nayo ikapita baada ya muda. Ila yule mwanafunzi alipoteza vipimo vya msimu mzima kwa sababu aliniamini, na hilo bado linaniuma ninapowaona ninyi mkikabidhiana faili zenye majina ya kubahatisha.

Kwa hiyo daftari lina safu mbili, "walioonekana" na "waliosikika", na hazijazwi kwa kunakiliana. Safu ya pili ikikosa uthibitisho, iacheni tupu. Mkiweza kushusha haidrofoni mbili au zaidi zinazofuata saa ile ile, fanyeni hivyo kila mara: sauti majini hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, na tofauti ya muda wa kufika itawaambia mlio umetoka upande gani.

2. Kasi ya sampuli.

Kasi ya sampuli ni mara ngapi kinasa hupima sauti kwa sekunde. Ukirekodi kwa kilohezi 44.1 unapata sauti mpaka kilohezi 22 tu. Nguvu kubwa ya mibofyo ya wakaazi, ile sauti fupi wanayotafutia kwa mwangwi, iko kati ya kilohezi 45 na 80. Wekeni kilohezi 192 au zaidi, na msiniulize tena.

3. Kabla hujatangaza aina mpya ya mlio, badilisha dirisha la spektrogramu, yaani urefu wa kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mara moja.

Mlio wa mapigo ni mapigo mengi yanayofuatana haraka hadi sikio linayaunganisha. Dirisha fupi litakuonyesha mapigo yenyewe. Dirisha refu litakuonyesha mistari iliyopangana, na nafasi kati ya mstari na mstari ndiyo kasi ya mapigo. Sauti ni ile ile. Nimeshaletewa "aina mpya" ambazo ni N4, mlio mmoja wa katalogi yetu, ya siku zote iliyochorwa kwa dirisha tofauti.

Na mkilinganisha na sampuli ya katalogi, angalieni ni ya mwaka gani. Volker Deecke, Ford na Paul Spong walichapisha mwaka 2000 uchambuzi wa rekodi za miaka kadhaa za familia mbili za ukoo A. Umbo la N4 lilikuwa likibadilika polepole, na familia zote mbili zilikwenda na mabadiliko hayo sambamba, huku mlio mwingine, N9, ukitulia. Lahaja ya orka hurithishwa kwa kujifunza, nayo inatembea. Mimi napenda jambo hili kuliko yote katika kazi yetu. Mlio wa leo ukipishana kidogo na wa zamani, pimeni tofauti hiyo. Msiusukume mlio uingie kwenye kisanduku cha zamani kwa nguvu.

4. Ukimya unarekodiwa.

Mkiwakuta orka wa Bigg, wale wanaokula sili na pomboo, mnasikiliza dakika chache, hamsikii kitu, mnazima kinasa sauti. Mnazima wakati ule ule unaohitajika! Hawa huwinda kimya kwa sababu mawindo yao yana masikio makali. Deecke na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba sili wa bandarini hukimbia wakisikia milio ya orka wala-mamalia, lakini hawajali milio ya wakaazi wa eneo lao wanaokula samaki. Sili amejifunza kutofautisha lahaja, nasi tunazima mashine. Iacheni iwake, andikeni saa ya ukimya na saa ya kuua, kwa sababu baada ya kuua ndipo wanapoanza kulia.

5. Msitafsiri.

"Anamwita mtoto." "Wanapeana habari za samaki." Futeni. Ford alikuta kwamba aina nyingi za milio ya wakaazi hutokea katika shughuli zote, kuwinda, kusafiri na kupumzika, na mlio haukufungwa kwenye tendo moja. Tunachoweza kukisema kwa nguvu ni kwamba lahaja inabeba utambulisho wa familia, na hilo pekee ni kubwa. Mwanzoni mwa 2002 ndama yatima alionekana peke yake huko Puget Sound, karibu na Seattle, mbali na maji ya kwao. Milio yake ilisaidia kumtambua: ilikuwa ya kundi la A4, la ukoo A. Ni Springer, namba A73. Julai mwaka huo alisafirishwa mpaka Mlango-bahari wa Johnstone, akajiunga na jamaa zake, na miaka ya baadaye akaonekana na ndama wake mwenyewe. Waliomtambua walikuwa na rekodi za zamani zenye majina sahihi ya kulinganisha nazo. Hakuna aliyehitaji kujua ndama yule alikuwa "anasema" nini.

6. Faili lenye kelele za meli halifutwi.

Nimekuta mmefuta kadhaa mkidai hazifai. Marla Holt na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba wakaazi wa kusini, jamii nyingine ya orka walao samaki, huongeza nguvu ya mlio kwa karibu desibeli 1 kwa kila desibeli 1 ya kelele inayoongezeka. Hilo lisingejulikana kama rekodi zenye kelele zingetupwa. Wakaazi wa kusini wamebaki chini ya 80, wanawatafuta samaki kwa mwangwi na wanatafutana kwa milio ndani ya njia ya meli. Andikeni aina ya chombo, umbali wake na mwendo wake, msiguse kiwango cha sauti cha kurekodi katikati ya faili, na endeleeni kurekodi mpaka meli imepita.