Majirani wa Jedwabne Wanakumbuka Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitembelea makaburi ya wakimbizi wa Poland yaliyopo Tengeru, nikaelezwa jinsi watu wale walivyoteswa na Wasovieti kabla ya kuletwa kwetu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baadaye nikasoma kwamba huko huko Poland, katika mji wa Jedwabne, Wayahudi walichomwa moto na majirani zao. Je, hao ni watu wale wale? Na waliokuwa wakitazama tu, wanalikumbukaje jambo hilo?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, wakimbizi wa Tengeru hawakuwepo. Wasovieti waliitawala Poland ya mashariki, Jedwabne ikiwemo, tangu Septemba 1939 hadi Juni 1941, na katika muda huo ndipo walipowapeleka Siberia na Kazakhstan watu ambao baadhi yao walifika Tengeru mwaka 1942. Mauaji ya Jedwabne yalitokea tarehe 10 Julai 1941, wiki chache baada ya Wajerumani kuuteka mji. Uchunguzi wa serikali ya Poland, uliokamilika mwaka 2003, ulikuta kwamba Wajerumani walichochea, lakini waliowakusanya Wayahudi uwanjani na kuwafungia ndani ya ghala lililotiwa moto walikuwa Wapoland wa mji huo na vijiji vya jirani, wanaume wasiopungua 40. Waliouawa hawakupungua 340. Wakazi wengi waliobaki hawakushiriki wala hawakuzuia.

Hao wengi ndio unaowaulizia, na kwa maoni yangu si kweli kwamba walisahau. Mwaka 1949 mahakama ya Łomża iliwashtaki wakazi 22 na kuwahukumu baadhi yao, hivyo kila nyumba ilijua nani alifanya nini, na nani baadaye alihamia katika nyumba ya nani. Hata hivyo, jiwe la ukumbusho lililowekwa katika miaka ya 1960 liliandikwa kwamba Gestapo, yaani polisi wa siri wa Hitler, na askari wake ndio waliowachoma hai watu 1,600. Kwa miaka karibu 40 watoto wa mji walisoma jambo moja kwenye jiwe na kusikia jingine jikoni. Kumbukumbu ilikuwepo, kilichokosekana ni ruhusa ya kuitamka hadharani.

Jiwe hilo liliondolewa mwaka 2001, na tarehe 10 Julai mwaka huo Rais Aleksander Kwaśniewski alikwenda Jedwabne kuomba radhi. Wakazi wengi walibaki majumbani, padri wa parokia hakuhudhuria, na meya, Krzysztof Godlewski, ambaye alihudhuria, alijiuzulu muda mfupi baadaye baada ya kusigana na madiwani wake. Maandishi mapya yanawataja waliouawa kuwa wakazi wenza wa ardhi ile, lakini hayasemi ni nani aliyewaua. Mwaka 2011 watu wasiojulikana waliuchafua ukumbusho huo kwa rangi na alama za Kinazi.

Utetezi unaosikika zaidi mjini ni kwamba Wayahudi waliwasaidia Wasovieti, kwa hiyo kilichotokea kilikuwa kisasi. Hapa ndipo historia uliyoisikia Tengeru inapotumiwa vibaya, kwa sababu treni zile zile za kwenda Siberia zilibeba pia Wayahudi kwa maelfu, na watoto wachanga waliochomwa ghalani hawakuwa wamemsaliti mtu yeyote. Mateso ya Wapoland yalikuwa ya kweli, nayo ndiyo yaliyofanya iwe rahisi kwao kujiona wahanga peke yao.

Ukitaka kupima jinsi jamii inavyokumbuka, usiangalie tu inavyowataja wauaji. Tazama ilivyomtendea aliyesaidia. Antonina Wyrzykowska, mwanamke wa kijiji cha Janczewko karibu na Jedwabne, aliwaficha Wayahudi saba shambani kwake tangu mwishoni mwa 1942 hadi Januari 1945. Vita vilipopita eneo hilo alipigwa na Wapoland wenzake kwa sababu hiyo, akalazimika kuhama. Israeli ilimtunuku heshima mwaka 1976, lakini kwao hakuwa shujaa. Naona sababu yake ni kwamba kumheshimu yeye kungewalazimisha waliotazama kukiri kwamba kulikuwa na jambo la kufanya, tena jambo lililowezekana kwa mkulima wa kawaida, na wao hawakulifanya.